Firigisi ya Mgeni

Kuku wa wageni hanipiti kooni tena. Nikialikwa kwenye sherehe ya shule naomba ugali na sukuma, na watu wananiuliza kama nimeingia dini inayokataza nyama. Sijaingia popote. Ni kinyaa tu. Nikiona sinia limefunikwa kitambaa cheupe na wanaume wenye tai wakinawa mikono, ninachokiona mbele yangu si kuku. Ni Amoit, kichwa kimejaa manyoya.

Naitwa Brigid. Nafundisha hesabu na sayansi katika shule ya umma iliyo kati ya Amagoro na Malaba, kando ya ile barabara ambayo malori ya kwenda Uganda hupanga foleni mpaka mtu anasahau kuwa barabara ni ya kupita. Darasa la Gredi Nane limeelekea huko. Ukifungua dirisha unapata moshi wa malori, ukilifunga unapata joto la watoto waliobanana watatu watatu kwenye dawati. Tumezoea. Shule ya umma kazi yake kubwa ni kukuzoesha.

Amoit alikaa hapo dirishani. Mama yake anawauzia madereva wa malori chai na mihogo ya kuchemsha. Mtoto mwembamba, mkimya, mwenye tabia moja iliyowaudhi walimu wengi: akiulizwa swali alijibu, kisha akauliza lake. Na lake lilikuwa gumu kuliko lako.

Muhula wa kwanza tulisumbuka na ratiba. Mwalimu wa hesabu wa Gredi Saba, Nane na Tisa ni mimi peke yangu, na kila tulivyopanga nilijikuta natakiwa niwe madarasa mawili kwa wakati mmoja. Tulikaa vikao, tukanywa chai, tukailaumu serikali. Vipande vya karatasi vilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya walimu vikabanduliwa mpaka rangi ya ukuta ikaanza kutoka. Siku moja Amoit alileta madaftari ya kusahihishwa, akasimama mbele ya ule ukuta, akaukodolea macho. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Mwalimu, shida si hesabu," akasema. "Ni michezo. Mmeiweka asubuhi, ndiyo inasukuma hizo zingine zote."

Akabandua kipande kimoja akakipeleka mchana, akasogeza vingine viwili, akaniaga, akaenda zake. Ratiba ikakaa. Sisi wenye vyeti tulibaki pale na vikombe mikononi.

Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Oriokot, alipopata habari, alimpigisha Amoit magoti nje ya ofisi mpaka kengele ya chakula, kwa kosa la kugusa ukuta wa walimu. Ratiba yenyewe hakuigusa. Tunaitumia mpaka leo, na chini yake kuna mhuri wake.

Oriokot si mjinga. Laiti angekuwa mjinga ningemhurumia. Ni mtu nadhifu, mwenye meno mazuri na kijiti cha meno kisichotoka mdomoni hata wakati wa sala ya gwaride. Anaongea nacho, anacheka nacho, na akitaka kufikiri anakihamisha kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine. Kijiti hicho nimekichukia kuliko ninavyoweza kueleza.

Basi mwezi wa sita tukaarifiwa kwamba kuna wageni. Shirika moja linaloitwa Mfuko wa Chipukizi lilikuwa linazunguka shule za umma kutafuta watoto wenye vipaji. Wangekuja na mtihani wao wenyewe. Kila shule ingetoa watoto wachache wa Gredi Nane, waandike, na atakayewapita wenzake angechukuliwa: ahamie shule yenye maabara huko Busia mjini, apewe mwalimu wa kumlea kipaji chake, asomeshwe mpaka amalize sekondari. Ni Gredi Nane tu. Ukiingia Gredi Tisa, gari limekuacha.

Nilimwambia Amoit siku ileile. Hakurukaruka. Aliuliza, "Mwalimu, hiyo maabara ni ya kweli ama ni ya kuchora?"

Aliuliza hivyo kwa sababu kwetu mimi huchora. Nachora chupa, nachora kichomeo, nachora mpaka moshi, na watoto wananakili moshi wangu kwa makini. Nikamwambia hiyo ni ya kweli, ya kushika kwa mkono. Akaitikia kwa kichwa polepole. Kuanzia hapo alibaki darasani kila mapumziko akifanya maswali niliyomchagulia, huku akimweleza msichana mmoja wa Gredi Saba, Janat, aliyekuwa akija kusimama kando ya dawati lake kuchungulia. Janat alikuwa anashika haraka kiasi kwamba Amoit alianza kumpa maswali ya Gredi Nane. Nilipata raha kuwatazama. Siku nyingine chai yangu ilipoa nikiwa mlangoni.

Wiki ya wageni akatokea mwanafunzi mpya. Sare mpya, viatu bado vinanukia duka. Jina lake Quinton, mtoto wa dada yake Oriokot, ambaye mpaka Ijumaa iliyotangulia alikuwa anasoma shule ya kulipia pale Malaba, ile aina yenye basi na bwawa la kuogelea kwenye tangazo. Jumatatu akawa mtoto wa umma. Mtoto mwenyewe hakuwa na kosa. Alikuwa mpole, ana adabu. Aliniuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha, akaenda akakiangalia, akarudi vile alivyokwenda.

Nikamfuata Oriokot ofisini.

"Quinton amekuja kufanya nini hapa?"

"Amehamia, Madam. Mzazi ana haki ya kuhamisha mtoto."

"Na Amoit yuko kati ya wale wa mtihani?"

Akahamisha kijiti. "Madam Brigid, wewe ni mtu amesoma. Hebu niambie. Wakichukua Amoit, mwaka ujao kwa mtihani wa Gredi Tisa nani atatubeba? Hawa wengine? Jina ya hii shule ni huyo msichana. Hakuna mtu huuza ng'ombe ya maziwa."

"Huyo si ng'ombe. Ni mtoto wa watu."

"Si ndio nasema? Ni mtoto wetu. Akae hapa atusaidie, na sisi tutamsaidia."

"Mtamsaidia na nini?"

"Na maombi," akasema, na hakuwa anatania.

Nikamwambia nitaandika barua kwa ofisi ya elimu. Akanikumbusha kwa upole kwamba barua ya mwalimu hupitia kwa mwalimu mkuu. Nilitoka mle ofisini nikitema mate kama mtu aliyemeza nzi. Nikamwendea Amoit, nikamwambia siku ya wageni akae dawati la mbele, akae tu, asiulize mtu ruhusa. Mtihani ukiletwa, mimi nitakuwa pale.

Sikuwa pale. Asubuhi ya siku hiyo Oriokot alinituma Malaba kuleta soda za wageni. Friji za Amagoro zote zimeharibika, alidai, na wageni wenyewe hawafiki kabla ya saa sita. Nilipanda pikipiki nikijua kuna kitu kinanuka, lakini mtihani wa saa sita ungenikuta nimesharudi. Niliporudi na kreti mapajani, gari la wageni lilikuwa limeegeshwa chini ya mlingoti na injini imeshapoa. Mlango wa Gredi Nane ulikuwa umefungwa. Nikachungulia dirishani. Quinton alikuwa mbele, anaandika. Mtoto wa mwenyekiti wa bodi yuko nyuma yake, anatafuna kalamu. Wengine walikuwa watoto ambao Oriokot hangepoteza usingizi wakiondoka. Amoit hakuwepo.

Nilimkuta jikoni, nyuma ya shule. Jamiru, mlinzi wetu, alikuwa ameshachinja kuku ili kila mgeni aweze kula, Mwislamu kwa Mkristo, na maji ya moto yalikuwa yamemwagwa kwenye beseni. Harufu ya manyoya yaliyoloa ilinipiga usoni. Amoit alikuwa ameinama juu ya beseni ananyonyoa, sare yake imelowa mpaka tumboni, na manyoya yamemganda kwenye nywele.

"Nani amekuweka hapa?"

"Mwalimu Mkuu. Amesema anaamini mikono yangu."

Zaitun, mpishi wetu, akatupa mwiko. "Madam, mimi sijaomba mtu. Siku zote napika peke yangu. Huyu mtoto nimemwambia aende, anasema ameambiwa akitoka hapa asirudi shule tena."

Nikamshika Amoit mkono nikaondoka naye vilevile alivyo. Mlangoni mwa darasa alisimama Oriokot, mikono nyuma, kama askari wa benki. Mtihani umeanza, akasema, na mlango wa mtihani ukifungwa umefungwa, hiyo ni amri ya Daktari, kiongozi wa wageni. Basi nikamwacha Amoit nje nikaenda kwa Daktari mwenyewe.

Alikuwa anaitwa Daktari Josiah, Msamia wa upande wa Nangina, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti tamu, yuko ofisi ya walimu anakunywa chai na wenzake wawili. Nikamwambia kuna mtoto ameachwa nje ya mtihani, na ndiye mtoto waliyemfuata.

"Shule ndiyo huchagua, Madam," akasema. "Sisi hatuingilii mambo ya nyumba."

"Lakini mmekuja kutafuta kipaji, Daktari. Kipaji kiko jikoni."

Oriokot alikuwa ameshanifikia. Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Daktari, Madam wetu ana roho safi sana. Kwake kila mtoto ni genius."

"Tutaongea baada ya chakula," Daktari akasema.

Na mimi nilikuwa nimeshamsikia dereva wao akisema kwamba baada ya chakula wanaondoka moja kwa moja kwenda shule nyingine. Ule mkono begani niliuondoa kwa vidole viwili, kama unavyoondoa kiwavi.

Niliporudi jikoni machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira. Amoit hakuwa analia. Alikuwa amerudi kwenye kazi yake, sasa anapasua firigisi, anazikung'uta mchanga, anaziosha, anazipanga kwenye bakuli. Nikamwomba msamaha. Aliuliza, "Mwalimu, hawa wageni wakikaa kula, nani anaanza?"

"Huyo Daktari. Ndiye mkubwa wao."

Akainua firigisi moja. "Na hii ni yake?"

"Si unajua? Ni ya mgeni mkubwa. Akishaichukua ndipo wengine wanagusa."

"Na akikosa kuiona?"

"Hawezi kula. Kuku bila firigisi ni kumwambia mgeni kwamba mwenye nyumba amekula kwanza, wewe lamba mifupa. Kwetu Budalang'i uchumba umevunjika kwa hiyo."

"Hata kwetu," akasema. "Nilitaka tu kujua kama watu wamesoma hivyo wanafuata."

"Msamia? Anafuata kuliko sisi wote."

Zaitun akaangalia lile bakuli, akamwangalia Amoit, kisha akaangalia paa la jiko kwa muda mrefu kana kwamba kuna mahali panavuja.

Mtihani ukaisha. Daktari akazitia karatasi mkobani, na meza za ofisi ya walimu zikaunganishwa na kutandikwa vitambaa. Walikaa wageni, akakaa mwenyekiti wa bodi, wakakaa wanaume fulani ambao hujawahi kuwaona shuleni isipokuwa siku ya nyama. Mimi nilikaa mwisho karibu na mlango kwa sababu walimu tulilazimishwa tuwepo. Oriokot akaomba sala ndefu. Alimshukuru Mungu kwa vipaji. Nilifumbua macho katikati ya sala kuona kama kweli anaomba na kijiti. Alikuwa nacho.

Maji yakapita, watu wakanawa mikono, kitambaa kikafunuliwa. Kuku walikuwa wameiva vizuri, mchuzi mwekundu, mafuta yanacheza juu. Daktari akanyoosha mkono. Akasogeza paja. Akasogeza shingo. Akainua mgongo, akauangalia chini yake, akaurudisha.

"Hizi kuku za Amagoro," akasema akitabasamu kwa mdomo tu, "hutembea bila imondo?"

Kila mtu pale alijua imondo ni firigisi. Oriokot akaruka. Akatumbukiza vidole vyake mwenyewe kwenye sinia la wageni, akachimba, akageuza, mchuzi ukampanda mpaka kwenye saa. Akavuta sinia la pili, akachimba na hilo. Hakuna. Mwenyekiti wa bodi akakohoa. Zaitun akaitwa.

"Mimi napika nilichopewa," Zaitun akasema mlangoni, macho chini. "Kuku wametengenezwa na mwanafunzi."

"Mwanafunzi yupi?" Daktari akauliza.

"Aah, Daktari, ni katoto tu," Oriokot akasema haraka. "Tuendelee. Nitatuma mtu wachinje ingine."

Daktari akasukuma sahani yake. "Kwetu, mtu akiniwekea kuku namna hii, nafunga kiatu naenda. Sijui hapa. Kama firigisi imeliwa, niambiwe nani amekula. Kama haijaliwa, huyo mtoto aitwe."

Laiti mngemwona Oriokot. Akimwita Amoit, anatoa kwa mkono wake kile alichokificha asubuhi nzima. Asipomwita, yeye ndiye mla firigisi ya mgeni, na hiyo sifa humfuata mtu mpaka kwenye mazishi yake. Wanaume wote walikuwa wanamtazama. Akaenda dirishani, akanyoosha shingo, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Amoit! Kuja hapa!"

Aliingia akipangusa mikono. Alipiga magoti kuwaamkia wakubwa, kama wasichana wa Kiteso wanavyolelewa, na unyoya mmoja ukamdondoka kichwani ukatua kwenye saruji. Hakuna aliyecheka.

"Firigisi iko wapi?" Oriokot akanguruma.

"Iko, Mwalimu. Imeiva. Nimeifunika isipoe."

"Nani alikwambia uitoe?"

"Hakuna mtu."

"Basi kwa nini, msichana wangu?" Daktari akauliza.

"Nilitaka niitwe," Amoit akasema. "Nilikuwa nafikiria ni kitu gani ikikosa hapa mtasimama. Chumvi ikikosa, mtaongeza. Soda ikikosa, mtakunywa maji. Mimi nilikosa kwa darasa na mtihani ikaendelea. Nikaona ni hii tu."

Sijawahi kuona watu wazima wengi kiasi kile wakitafuta mahali pa kuweka macho. Mimi nilitamani kupiga vigelegele na kulia na kuipindua ile meza, vyote kwa pamoja.

"Naomba karatasi ya mtihani," akaendelea. "Nikimaliza nitaileta."

Oriokot alikuwa ameinua mkono tayari. Daktari akamzuia, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka tai ikamtetemeka tumboni. "Huyu ni wakili! Huyu ni wakili kabisa!" Wenzake wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, na Amoit akakaa mwisho wa meza hiyohiyo, karibu na mimi, akasogeza glasi ya soda, akaanza kuandika.

Na wao wakangoja. Mtu asinidanganye kwamba walingoja haki. Walingoja firigisi. Walikaa na mikono yao iliyooshwa wameiinua hewani, wasiguse kitu, wakimeza mate, huku mafuta yakiganda juu ya mchuzi yakawa meupe. Mwenyekiti wa bodi alilipiga jicho lile sinia kama fisi aliyefungiwa mlango. Mtoto aliyekosa nafasi yake asubuhi hawakumngojea hata dakika moja, lakini kwa kipande cha nyama kinachoenea kiganjani waliweza kuwa na subira ya watakatifu. Nilisikia kalamu ya Amoit ikikwaruza na tumbo la mgeni mmoja likinguruma.

Alimaliza mapema kuliko walivyotegemea. Akaenda, akarudi na bakuli limefunikwa sahani, akapiga magoti, akampa Daktari kwa mikono miwili. Zilikuwa zote, hakuna iliyopungua. Daktari alichukua ya kwanza akaitafuna kwa sauti, na ndipo mikono yote ikaanguka kwenye sinia kwa pamoja.

Karatasi zilisahihishwa palepale baada ya kula, na kwenye ile ya Amoit Daktari aliacha alama ya dole gumba lenye mchuzi. Amoit aliwapita wote, na hakuwapita kwa karibu. Quinton alikuwa wa pili kutoka mwisho.

Hapo ndipo Oriokot aliposimama. Alijipangusa mdomo, akaingiza kijiti kipya, akasema, "Daktari, kama nilivyowaambia tangu asubuhi, hii shule ina kipaji. Huyu msichana nimemlea mwenyewe. Hata hii ya firigisi, sisi hapa huwafundisha watoto kufikiri!" Wakapiga makofi. Picha ikapigwa: Daktari kushoto, Oriokot kulia, mkono wake umelala juu ya bega la Amoit, palepale ambapo sare ilikuwa bado imelowa maji ya kuku. Mimi ni mtoto wa Budalang'i. Nimeona maji ya mto yakiingia nyumbani kwetu yakichukua godoro, mahindi na mbuzi. Lakini maji hayasimami kupiga picha na mbuzi wako.

Nilimsindikiza Daktari mpaka kwenye gari. Nikamuuliza, "Daktari, huulizi ni nani alimweka jikoni?"

Alikuwa anatafuta kipande cha mwisho cha nyama katikati ya meno kwa ulimi. "Madam," akasema, "mambo mengine tunasamehe. Nimekula kwake."

"Umekula cha shule. Na kimetengenezwa na mtoto uliyemfungia mlango."

"Nimekula kwake," akarudia, kama mtu anayemweleza mtoto mgumu wa kuelewa. Kisha akanishika mkono kwa mkono uliokuwa bado unateleza. "Na yule kijana Quinton pia amejitahidi. Tutamwekea nafasi ya nyongeza."

Nilinawa kwa sabuni ya jikoni ya Zaitun mara mbili na harufu haikutoka.

Amoit alihamia Busia. Jioni moja alinipigia kwa simu ya mama yake. "Mwalimu," akasema, "ni ya kweli. Nimeshika." Nilikaa kitandani nikalia kwa furaha mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa. Hiyo siwezi kumnyang'anya mtu, wala sitaki mtu aninyang'anye. Ila langoni mwa shule yetu sasa kuna bango kubwa lenye picha ile, na uso wa Oriokot umekuzwa ukapita wa mtoto.

Mwaka huu Chipukizi wamerudi, na Daktari yuleyule. Safari hii nilikataa kutumwa soda. Nilimkalisha Janat, ambaye sasa yuko Gredi Nane, dawati la mbele kwa mikono yangu. Nikasimama mlangoni mpaka nilipoitwa kuwasalimu wageni, nikaenda nikasalimu, nikarudi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa. Jamiru akaniambia Janat ametumwa kwa chifu kuazima sahani, kwa sababu wageni wameongezeka na sahani za shule hazitoshi. Kwa chifu ni mbali, na ni kupanda kilima.

Nilimtafuta Oriokot nimwambie kila kitu ambacho mwalimu hatakiwi kumwambia mwalimu mkuu. Nilimpata jikoni. Alikuwa amekunja mikono ya shati, amesimama kando ya sufuria ya Zaitun tangu asubuhi, analinda firigisi. Kila iliyooshwa aliipokea mwenyewe, akaitazama, akaiweka kwenye bakuli lenye kifuniko, na bakuli akalishika kwapani. Nilisema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kijiti kikitoka pembe hii kwenda ile, kisha akamwambia Zaitun aongeze moto.

Wakati wa chakula nikasimama. Sala ilikuwa imeisha na Daktari alikuwa ananyoosha mkono. Mlango ukafunguliwa, akaingia Janat na karai la sahani kichwani, jasho linamtiririka mpaka shingoni, vumbi mpaka magotini.

"Daktari," nikasema, "huyu mtoto hajaandika mtihani. Ametolewa darasani kwenda kuazima sahani. Ni mwaka jana tena. Ni kitu kilekile."

Daktari alimwangalia Janat. Kweli alimwangalia, siwezi kusema hakumwona. Kisha akaangalia bakuli ambalo Oriokot alikuwa ameshalifunua mbele yake, limejaa.

"Keti ule, Madam," akasema. "Mwaka huu firigisi zimetimia."

Wakacheka wote, mpaka mwenyekiti akapaliwa na soda. Janat hakujua wanacheka nini. Alitua karai, akaanza kuzunguka meza akigawa sahani, moja moja, na alipofika kwangu akapiga goti, akaniwekea yangu kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha.